Siku Kumi na Moja za Kungoja Wekundu

Teoh Siew Gaik alikuwa mtu wa kungoja. Katika miaka arobaini na saba ya umri wake, ishirini na miwili aliipitisha mbele ya kompyuta akingoja jaribio liishe. Mwanamke mfupi, miwani mizito, sweta la kijivu mwaka mzima kwa ajili ya baridi ya kiyoyozi, na mkebe wa biskuti za chumvi kwenye droo. Hapa Bayan Lepas, mtaa wa viwanda vya chipu, tuko wengi wa aina yake, watu wa kazi ambayo wazazi wetu hawawezi kuwaeleza majirani. Mama yake, aliyeuza tambi za mchuzi mtaa wa Pulau Tikus miaka thelathini, akiulizwa binti yako anafanya nini alikuwa akijibu, "Anaitazama kompyuta ikifikiri. Na wanamlipa, jamani!"

Wala bibi yule hakukosea sana. Chipu, kabla haijachongwa kiwandani, ni maandishi tu. Ikishachongwa na kosa ndani yake, hakuna kufuta wala kubandika kiraka. Unatupa, unaanza upya, na kampuni ndogo haianzi upya mara mbili. Kwa hiyo kwanza unailazimisha kompyuta ijifanye ndiyo ile chipu. Kila waya, kila lango la kupitisha umeme, kila pigo la saa yake ya ndani, vyote vikokotolewe kimoja kimoja, nawe ukae pembeni utazame kama inafanya ulichokusudia. Ni kazi ya konokono. Sekunde moja ya maisha ya chipu ilimeza siku kumi na moja za kompyuta. Makampuni makubwa ya ng'ambo ya barabara yana mitambo maalumu ya kazi hiyo, mikubwa kama makabati. Kina Gaik walikuwa watu kumi na tisa juu ya duka la vipuri vya viyoyozi, na kompyuta zao zilikuwa zile zile walizochapia barua.

Gaik ndiye aliyezitia mbio. Hakutumwa na mtu. Programu ya zamani ilikuwa na tabia ya kuuliza-uliza: kila lango, kila mara, je, umebadilika? Je, na wewe? Yeye akayapanga malango yote foleni mara moja tu, kila moja likaitwa kwa zamu yake, mara moja kwa kila pigo, na sehemu za chipu zilizolala akaziacha zilale. Kisha akaigawa kazi ili kompyuta itumie akili zake zote nane badala ya moja. Miezi minane ya kukaa kitako. Siku kumi na moja zikawa tatu, na ofisi nzima ikamwita mchawi.

Lakini mtu akishaonja mbio, kutembea humchosha. Gaik alitaka siku moja. Na alijua pa kuipata.

Katika jaribio la zamani waya una hali tatu: sifuri, moja, au haijulikani. Hiyo ya tatu huchorwa kwa rangi nyekundu. Waya ambao hakuna aliyeuambia uanze na nini huonekana mwekundu, na wekundu huo huambukiza, ukatambaa kutoka lango hadi lango mpaka kioo kizima kinakuwa kama kimemwagiwa mchuzi wa pilipili. Watu waliuchukia, na walikuwa na sababu. Nusu yake ni kelele za bure, programu inaogopa pasipo cha kuogopwa, na wewe unapoteza wiki kumtafuta mwizi ambaye hakuwahi kuingia. Tena kuubeba ni mzigo: kila waya unataka nafasi maradufu na hesabu maradufu. Gaik akauondoa. Kila kisichojulikana akakiita sifuri. Siku tatu zikawa saa kumi na tisa.

Si kwamba hakujua hatari yake. Alijua sana. Ndiyo maana mwanzoni aliiacha kompyuta moja, ile ya kando ya mashine ya fotokopi, iendelee na jaribio la zamani, polepole, na wekundu wake wote. Kila Jumatatu aliyasoma majibu peke yake. Hakuna mwingine aliyeyasoma. Kazi ilipobana, msimamizi wao Encik Badrul, yaani Bwana Badrul, alikuja akasimama mbele ya kompyuta ile, mikono kiunoni.

"Dada Gaik, hii nayo inafanya nini?"

"Inaendesha lile la zamani, Encik. Kwa uhakika tu."

"Una farasi, halafu unamlisha konokono?"

Watu wakacheka, na Gaik naye akacheka. Akaizima kwa mkono wake mwenyewe, akaipa kazi ya mbio kama wenzake. Kusema kweli aliona raha, maana farasi alikuwa wake.

Mwezi ule ule ndipo Thanabalan alipoambiwa apunguze ukubwa wa chipu. Thanabalan, kaka Thana kwa ofisi nzima, alikuwa mchoraji wao, Mtamil wa Butterworth mwenye miaka hamsini na mitatu na shati alilolipiga pasi mwenyewe. Yeye ndiye aliyemfundisha Gaik kazi, zamani, walipokuwa wote kwenye kampuni nyingine iliyokwisha kufungwa. Njia ya kupunguza ukubwa ni ya kawaida: ndani ya chipu kuna maelfu ya vijisanduku vya kushika sifuri au moja, na kila kimoja kina waya wa kukiambia kianze na sifuri umeme unapowaka. Vingi havihitaji waya huo. Ukiukata, chipu inapungua. Ukikata pasipostahili, umekwisha.

Walikuwa wanakula wali wa nasi kandar pale chini, mchuzi umemwagwa juu kwa juu, Thana akauliza huku anachambua samaki.

"Nimekata waya elfu mbili, mdogo wangu. Kama kuna mmoja nimekata vibaya, majaribio yako yatauona, ee?"

Gaik alikuwa na tonge mdomoni. Alikuwa amesifiwa asubuhi ile na wenye kampuni, kwa simu kutoka Kuala Lumpur, jina lake limetajwa kamili.

"Yataona," akasema.

Neno moja. Akaongeza mchuzi.

Chipu zilirudi kutoka kiwandani mwezi wa saba, arobaini za kwanza, za mita za maji. Thana alizijaribu kwa mikono yake mezani, moja baada ya nyingine. Thelathini na tatu ziliamka. Saba zilikaa kimya. Akazima umeme, akawasha tena. Sasa tano kimya, na si zile zile. Kaka wa watu alizima na kuwasha mpaka jasho likampita kwenye shati lake la pasi.

Gaik alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. Alielewa kabla kahawa haijapoa. Kosa la kiwandani huua chipu zile zile kila mara. Kosa linalohama, leo hii, kesho ile, ni la kijisanduku kinachoamka kikiwa na chochote, mara sifuri, mara moja, kwa sababu hakuna aliyekiambia. Katika programu yake kila kisichoambiwa ni sifuri. Chipu ile ndani ya kompyuta iliamka salama mara elfu kumi, kwa kuwa yeye, Teoh Siew Gaik, aliiamuru iamke salama. Aliweka kikombe mezani. Akakaa.

Encik Badrul aliita kikao siku hiyo hiyo.

"Wenye kampuni wanataka maelezo ndani ya wiki mbili," alisema. "Na nisiwafiche, maelezo wanayoyataka ni jina la mtu."

Hakuna aliyemtazama Thana, na kwa jinsi ambavyo hakuna aliyemtazama kila mtu alijua. Thana alikuwa na binti mwaka wa pili wa udaktari. Lakini hata hilo si kitu mbele ya jina. Bayan Lepas ni ndogo, mnajua. Tunakula vibanda vile vile, na chipu iliyokufa hukufuata kila unapoomba kazi. Kijana huoshwa na miaka. Mtu wa hamsini na mitatu hana pa kuoshwa.

Na Gaik angeweza kusema. Ngojeni niseme wazi, maana baadaye watu walimtetea: angeweza kusema palepale. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini sisi watu wa majaribio tuna sheria yetu, tumelishwa tangu siku ya kwanza ya kazi, kwamba hujaona kitu mpaka umekionyesha. Usiseme nadhani. Endesha, chapisha, leta. Gaik alijifunika sheria hiyo gubigubi.

Alasiri ile aliiwasha tena kompyuta ya kando ya fotokopi, akaiwekea jaribio la zamani, zima, lenye hali tatu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Siku kumi na moja.

Kulikuwa na kipande kifupi cha jaribio hilo. Dakika ishirini tu: washa chipu, tazama nani ameamka mwekundu, basi. Alikijua, alikiandika mwenyewe. Hakukiendesha. Alijiambia kipande hakitoshi, kwamba mabosi watasema ni kelele zile zile za bure, kwamba kwa heshima ya Thana lazima ushahidi uwe mzima. Maneno mazuri kabisa! Ukiyasikia utamwona mtu mwadilifu.

Kabla ya saa kumi na moja jioni wekundu ulikwisha kutokea. Mstari mmoja tu, juu ya kijisanduku kinachoamua kama chipu ifanye kazi au ikae ikingoja amri za kiwandani. Thana alikuwa amekikata waya. Gaik aliutazama mstari ule muda mrefu, akakishusha kidirisha, akachukua mwavuli wake akaenda nyumbani. Nusu ya wekundu ni uongo, alijiambia. Tungoje tuone unafika wapi.

Siku ya pili ulikuwa umefika nje, kwenye nyaya za mwisho za chipu. Siku ya tatu hakufungua kuangalia.

Nyumbani Relau, ghorofa ya tisa, mama yake alimtazama akichokoa uji wa wali kwa kijiko.

"Uji umekukosea nini?"

"Nimeshiba, Ma."

"Umeshiba upepo. Nani amekuudhi huko kwenu?"

"Hakuna. Nangoja jaribio."

"Miaka ishirini unangoja jaribio na sahani unakomba." Bibi akalivuta bakuli upande wake. "Kama umemkosea mtu, kamwambie. Tambi zikiharibika, mimi nilikuwa namwambia mteja kabla hajatia mdomoni. Akishameza, unamwambia nini tena?"

Gaik alimkasirikia. Tambi! Hili si jambo la tambi. Akaingia chumbani akajilaza akiuelekea ukuta, na hakulala.

Ofisini Thana aliendelea kuja saa mbili kasorobo, akiandika maelezo yake ambayo hakuna aliyeyaomba. Alikwisha kujitia hatiani mwenyewe. Kila alipopita mezani kwa Gaik aligonga kingo kwa kidole.

"Konokono anakwendaje?"

"Anatambaa, kaka."

"Mwache. Najua ni waya wangu tu. Mikono hii, dada, mikono hii imezeeka." Akaicheka mikono yake, akaikunja. "Mimi nilikuwa nakufundisha usimwamini mchoraji, na mchoraji mwenyewe ndiye mimi."

Wakati huo ungekuwa mzuri. Hakuna mtu karibu, mvua inapiga dirishani, kaka wa watu amesimama. Gaik alifungua mdomo.

"Siku tano zimebaki," akasema.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walinena wahenga, lakini Gaik hakuwa hivyo. Mzigo wa Thana ulimlemea kweli, ulimkosesha usingizi, ulimpotezea kilo. Hakuupokea tu. Watu wa namna hiyo wapo, nao huumia kama wengine, pengine zaidi.

Siku ya tisa, Jumanne, Encik Badrul alimwita Thana chumbani kwake kabla ya chakula cha mchana. Hawakumaliza robo saa. Thana alitoka na bahasha, akamkabidhi mlinzi kitambulisho chake, na mlinzi, kijana wa watu, alikipokea kwa mikono miwili akiangalia sakafu. Wiki mbili hazikutimia. Wenye kampuni walichoka kungoja, na jina lilikuwapo tayari.

Watu kumi na saba waliinamia kompyuta zao kama wanafunzi siku ya mtihani. Thana alikusanya kikombe, picha ya binti yake na kalamu zake. Alipofika kwa Gaik akasimama.

"Haya, mdogo wangu. Nilikata waya mmoja, na mimi nimekatwa."

Hakuna aliyecheka. Gaik alisimama, sweta limemkaa upande.

"Kaka, siku mbili tu. Jaribio linaisha keshokutwa. Ngoja—"

"Ningoje nini, dada? Wamekwisha kunilipa, nimesaini." Akamgusa bega. "Kula chakula chako. Umekonda."

Akashuka ngazi. Pikipiki yake ilikataa kuwaka mara mbili, wote wakaisikia, kisha ikawaka.

Alhamisi saa nne asubuhi jaribio likaisha. Gaik alichapisha kurasa sita. Hakukuwa na hata mstari mmoja ndani yake ambao hakuujua tangu alasiri ya kwanza. Alizibana pini vizuri, akaenda kwa Encik Badrul, akazungumza kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia ofisini, akaeleza yote: hali ya tatu aliyoiondoa, sifuri aliyoitia mahali pake, kompyuta aliyoizima, neno alilomjibu Thana penye chakula. Yote, isipokuwa tarehe.

Badrul hakuwa mtu mbaya. Alisoma kurasa zote sita. Kisha akavua miwani.

"Umemwonyesha nani mwingine?"

"Wewe wa kwanza, Encik."

"Basi niwe wa mwisho. Dada, sikiliza. Mita za maji zimekufa, hilo limekwisha. Wenye kampuni wametubakiza kwa kitu kimoja tu, programu yako. Wanataka ofisi zao zote tatu ziitumie. Nikiwapelekea karatasi hii, unadhani Thana atarudi? Harudi. Sisi kumi na wanane tutamfuata."

"Lakini kosa ni langu."

"La kwako, la kwangu, la kwake. Yeye amekwisha kuondoka." Akazisukuma karatasi upande wa Gaik wa meza, taratibu, kama mtu anayemrudishia mgeni zawadi. "Irudishie hiyo hali ya tatu, kimya kimya. Ikipungua mbio kidogo tutasema ni ukarabati."

Gaik alizichukua. Niambieni basi kwa nini alizichukua! Alikuja kuziacha, akaondoka nazo kwapani, na alipofika kwenye meza yake alihisi kitu ambacho alikionea haya maisha yake yote yaliyobaki, nacho kilikuwa nafuu.

Lakini Thana alipaswa kujua. Hilo hakuna wa kumzuia. Saa ya chakula alishuka, akasimama uani nyuma ya duka la vipuri, kati ya mafeni mabovu, akampigia. Simu iliita sana.

"Dada Gaik!" Thana alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Nyuma yake redio iliimba Kitamil. "Vipi huko?"

"Kaka, si mikono yako." Akasema haraka haraka asije akaishiwa. "Ulikata waya, ndiyo, lakini jaribio lingeuona. Mimi niliufuta wekundu. Niliutoa ili iende mbio. Uliniuliza pale chini, nikakwambia yataona, na hayakuwa na macho ya kuona. Kosa ni langu."

Redio ikazimwa. Akamsikia anakaa chini.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ninazo karatasi."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Hawataki kusikia."

"Hawatataka." Mbali huko mlango ulifungwa, sauti ya mwanamke ikauliza kitu, Thana akajibu baadaye, baadaye. Aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mimi tangu Jumanne sijashika hata kalamu, dada. Nilidhani akili imeanza kunitoka. Baba yangu ilimtoka akiwa na umri huu huu. Nilikuwa nakaa hapa najihesabia majina ya ndugu zangu nione kama nitasahau."

Gaik aliweka kiganja ukutani.

"Umelijua lini hili?" Thana akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama alivyouliza mambo ya kazi siku zote, apate kupanga mambo kichwani.

Mfanyakazi wa duka alipita akiburuta feni. Gaik alingoja apite.

"Leo," akasema. "Jaribio limeisha leo asubuhi."

"Na leo hii hii umenipigia." Thana akavuta pumzi ndefu, na pumzi ile ilitoka ikiwa na machozi ndani yake. "Unajua watu wangapi wa pale wamenipigia? Hakuna hata mmoja. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, dada yangu. Nitamwambia mke wangu. Nitamwambia na mtoto, ajue baba yake hajachanganyikiwa, na ajue nani aliyesema."

"Kaka—"

"Usilie. Ungejua kabla ya Jumanne ungesema, najua. Si ungesema?"

"Ndiyo, kaka," akasema Gaik. "Ningesema."